Mama amenipikia mtori Kampala

Kampala, Jumapili usiku

Shosti wangu kipenzi,

Amri imetoka! Mahakama Kuu imeturuhusu kumwasili mtoto, na tangu Alhamisi ni mwanetu kwa sheria. Baba yake, yaani mume wangu, alitoka mahakamani akashindwa hata kuongea. Mimi niliongea na kila mtu, mpaka askari wa getini.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini hatukuasili nyumbani Tanzania. Ni pasipoti, shosti. Nilipochukua uraia wa Marekani niliupoteza wa kwetu, maana hatuna uraia pacha, kwa hiyo mbele ya sheria mimi ni mgeni sawa na mume wangu. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mgeni awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo. Kazi zetu zisingeturuhusu. Uganda wanataka mwaka mmoja, na mwaka huo unamlea mtoto wewe mwenyewe huku afisa wa ustawi wa jamii akija kuangalia mnavyoishi.

Sharti hilo waliliweka mwaka 2016, na walikuwa na sababu. Zamani wageni walikuwa wanapewa ulezi wa kisheria tu na kuondoka na mtoto baada ya muda mfupi. Baadhi ya watoto hao wazazi wao walikuwa hai, wakiamini mtoto amepelekwa kusoma na atarudi. Nikimfikiria mama anayengoja namna hiyo, naumia. Ndiyo maana waliposema ndugu wa mtoto watafutwe kwanza, redioni na kwa wenyeviti wa vijiji, niliunga mkono kabisa, ingawa kila simu iliyoita ilinishtua. Hakujitokeza mtu.

Sasa nikusimulie habari za baba na mwana. Kwenye kituo cha watoto tulikomchukua, mtoto alilelewa na wanawake tu. Mume wangu akimgusa tu, alikuwa anakakamaa mwili mzima. Basi yule mwanaume hakumlazimisha. Kila jioni alikuwa anakaa chini barazani na vindizi vya hapa, vile vifupi vitamu, anamenya kimoja, anakata kipande, anakiweka juu ya goti lake, halafu anatazama barabarani kama hana habari. Mtoto anakuja mbio, ananyakua, anakimbilia nyuma ya mlango. Ikawa hivyo siku nyingi sana. Baadaye akaanza kula palepale amesimama. Halafu akawa anaegemea. Siku alipokaa juu ya lile goti mwenyewe, mume wangu alibaki na ndizi mkononi, hajui aimenye au aiache.

Kwangu ilikuwa tofauti. Alikuwa anakuja kwangu, lakini vilevile angekwenda kwa muuza mboga au kwa mgeni yeyote, na kilichonitisha zaidi ni kwamba akianguka halii. Anajikung'uta, anaendelea. Afisa wa ustawi akanieleza kuwa mtoto aliyelelewa kituoni pamoja na wenzake wengi huacha kulia akiona hakuna anayekuja. Akatushauri kwamba kumlisha, kumwogesha na kumlaza iwe kazi yetu wawili peke yetu, asipokezanwe. Miezi ikapita. Siku moja akateleza kwenye ngazi, akageuza kichwa akinitafuta, aliponiona akaangua kilio na mikono juu. Nilimbeba nikalia naye. Sijawahi kufurahia machozi ya mtoto namna ile.

Nashukuru tulilazimishwa kukaa. Tungeondoka naye baada ya wiki mbili, angekuwa na pasipoti kabla hajawa na wazazi.

Halafu Mama akaja! Kapanda basi Moshi, Nairobi, Busia, miguu imemvimba, na hata kabla ya kulala akauliza soko liko wapi. Akanipikia mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama anayopewa mzazi. Akanikalisha kitandani, akanifunika khanga, akanilisha kama mzazi aliyetoka hospitali. Unajua kule nyumbani kuna waliosema eti tumeokota mtoto. Maneno yale yaliniuma mno, na mtori ule ndio ulionitibu. Mtoto naye alikunywa bakuli zima. Ndizi na nyama ni chakula chake tangu kituoni.

Jina lake hatubadilishi. Alipewa na yaya wa kituo, mwanamke aliyemlea kwa mapenzi, na picha yake tumeiweka kwenye albamu ya familia.

Kilichobaki ni pasipoti na viza. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2000, akishaingia na viza yake ya kuasiliwa anakuwa raia papo hapo. Lakini kabla ya kuruka tunakuja Moshi, na hapo nakuhitaji. Ongea na mashangazi mapema: wasimpokezane, wasimlishe, na asiyemfuata asishikwe kwa nguvu. Wakikasirika, sema ni mimi nimesema. Wewe njoo na wanao, maana kwa watoto wenzake hachelewi kuzoea. Nitakupigia tukishavuka mpaka wa Namanga.

Wako wa siku zote,
Mama Kijana