Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Kiti cha Geneva na Foleni ya Faza

Assalamu alaikum wanachama wenzangu. Nawashukuru mliovuka kutoka Faza, Kizingitini, Siyu na Kiunga katika kaunti yetu ya Lamu, na hasa mama zetu wa Matondoni waliofika mapema wakakuta ukumbi haujafunguliwa, wakangoja barazani bila kinyongo. Tuwaombee dua wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu, kisha tuingie kwenye taarifa.

Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu. Kwa ufupi, ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka juzi na deni la mafuta ya boti tumelimaliza. Katibu naye ana orodha ya vikao. Mimi nitatumia muda wangu kwa jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima: neno ambalo nchi yetu hulisema mbele ya mataifa, na namna linavyofika, au lisivyofika, huku kwetu.

Januari 1, 2025 Kenya ilianza muhula wa miaka mitatu katika Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa huko Geneva. Baraza hilo lina nchi 47. Tulichaguliwa Oktoba 9, 2024, na si mara ya kwanza, kwani tulikaa humo pia kuanzia 2013 hadi 2015. Nilifurahi, na sioni haya kusema hivyo. Nchi yenye kiti pale husikilizwa inapozungumzia mateso ya watu wa Sudan au Kongo. Lakini azimio lililounda Baraza hilo mwaka 2006 linamtaka kila mwanachama ashike viwango vya juu kabisa vya haki za binadamu. Ukikaa pale kuuliza wenzako, umekubali na wewe uulizwe.

Basi tuulize. Siku tisa tu baada ya uchaguzi ule, wakimbizi wanne kutoka Uturuki walitekwa Nairobi wakarudishwa kwao, na Wizara yetu ya Mambo ya Nje ikathibitisha kwamba walikabidhiwa. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Kenya iliukubali mwaka 1966, unakataza kumrudisha mtu mahali anapohofia kuteswa. Desemba ya mwaka huohuo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikasema imehesabu watu 82 waliotekwa tangu maandamano ya Juni ya kupinga Mswada wa Fedha. Na mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu wasipotezwe, Kenya iliutia saini Februari 2007, ukakaa miaka mingi na saini yake bila kuridhiwa. Humu ukumbini mna mama ambaye kila Ijumaa huweka kanzu ya mwanawe iliyopigwa pasi kitandani, na mwana mwenyewe hajarudi. Sitamtaja. Mnamjua.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Sisi watu wa Amu, yaani Lamu, ambao milango yetu ya nakshi husifiwa na kila mgeni, hatuhitaji kufasiriwa hilo. Kiti cha Geneva ni mlango, na mlango mzuri twaupenda. Lakini alalaye ndani ndiye ajuaye paa linavuja wapi.

Kwetu paa huvuja kwenye kitambulisho. Miaka na miaka vijana wetu wa Kibajuni wamekuwa wakipigwa msasa, yaani kuhojiwa na kuchunguzwa uraia wao, kuliko watoto wa kaunti za bara, kwa sababu tu visiwa vyao viko karibu na mpaka wa Somalia. Februari 5, 2025, akiwa Wajir, Rais alitia saini tangazo la kuondoa msasa huo wa ziada kwa kaunti za mpakani. Tulishangilia. Machi nikafuatana na kijana wa Kizingitini na mamake hadi ofisi ya vitambulisho ya Faza kujaza fomu.

Mama alikuwa na bahasha ya kaki iliyolainika kwa kushikwashikwa. Akatoa kimoja kimoja na kupanga mezani: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha darasa la nane, na mwisho kabisa, kimefungwa kwenye leso ndogo, kipande, yaani kitambulisho, cha marehemu mamake, cha zamani, alama ya dole gumba ingali inaonekana. Afisa alivitazama vyote, kisha akamwuliza kijana, "Babu yako amezikwa wapi?" Kijana akajibu, "Hakuzikwa. Alizama baharini." Afisa akashika kalamu hewani, asijue aandike nini katika nafasi ile. Tukaambiwa turudi siku nyingine na mzee wa kushuhudia.

Nataka kuwa mwadilifu: afisa yule hakuwa na ubaya nasi. Alikuwa na maswali aliyoyazoea, na tangazo la Wajir lilikuwa halijamfikia kwa maandishi. Hapo ndipo penye kazi yetu. Tulirudi na Katiba mkononi. Kifungu cha 12 kinasema kila raia ana haki ya kupewa hati za kumtambulisha. Kifungu cha 2 kinasema mkataba wowote ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi yetu ilijiunga nao Mei 1972, kabla wengi wenu hamjazaliwa, unasema katika ibara ya 16 kwamba kila mtu, popote alipo, ana haki ya kutambuliwa kuwa mtu mbele ya sheria. Nilimsomea afisa maneno hayo taratibu, kwa heshima. Akaniomba nakala. Nikampa.

Agosti kijana alipata kitambulisho. Jambo la kwanza alilofanya ni kusajili laini ya simu kwa jina lake, maana mpaka siku hiyo fedha za samaki wake zilikuwa zikiingia kwenye M-Pesa ya dadake.

Wapo wanaosema mambo ya Geneva ni porojo za wakubwa. Nawaomba wawatazame jirani zetu Wapemba wa pwani ya Kenya, ambao walivua na kuoana nasi vizazi kadhaa bila karatasi. Oktoba 2019, huko huko Geneva, serikali yetu iliahidi kupunguza idadi ya watu wasio na uraia. Watetezi wakaishika ahadi ile wakaing'ang'ania ofisi kwa ofisi, na Julai 2023 Wapemba wakaanza kupewa vitambulisho vya Kenya. Bila watu wa kuing'ang'ania, ahadi ile ingebaki kwenye makabati.

Ndiyo sababu tulichangia kurasa zetu chache katika mapitio ya haki za binadamu ambayo kila nchi hufanyiwa na wenzake takriban kila baada ya miaka minne na nusu. Zamu ya Kenya ilikuwa Mei 1, 2025, mara ya nne baada ya 2010, 2015 na 2020. Tulikusanyika Langoni kutazama matangazo kwa kompyuta moja, mzee mmoja akiuliza kila mara, "Sasa anasema nani?" Nchi moja baada ya nyingine ilisimama kuishauri yetu. Ilinigusa kuona waziri wa nchi kubwa akingoja zamu yake kama tunavyongoja sisi Faza.

Katika kurasa zile tuliandika pia habari za wavuvi. Mnakumbuka: Aprili 30, 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba bandari ya Lamu ilijengwa kwa kuvunja haki ya mazingira safi, haki ya utamaduni na haki ya kupewa habari, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Suala la fidia nimemwachia katibu, analo faili lake. Habari njema ni ya Oktoba 2025, pale Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Malindi iliposhikilia uamuzi wa 2019 wa kufuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, huku huku Lamu. Katiba yetu iliandika haki ya mazingira safi mwaka 2010. Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa uliitambua Julai 2022. Katika hili Kenya ilitangulia, na wanadiplomasia wetu wana haki ya kutembea kifua mbele.

Nisipomtaja binti yetu aliyekuwa Ghuba nitakuwa sijasema kweli yote. Alipiga simu usiku wa manane, sauti ya chini, yuko chooni. Mwajiri ameshika paspoti, mshahara wa miezi kadhaa hajaulipa. Wakala aliyempeleka hapokei simu. Tuliandika barua, tukapiga simu, tukaelekezwa huku na kule. Alirudi baada ya wiki kumi na moja, amekonda, akiwa na mkoba mmoja. Diplomasia ya haki za binadamu si hotuba peke yake. Ni ofisa wa ubalozi anayeinuka usiku kwenda kugonga mlango wa mwajiri. Hilo tutalidai mwaka ujao, kwa barua, kupitia mbunge wetu.

Yaliyobaki ni machache. Kabla kaskazi haijaisha, kamati itakwenda Kiunga na Ishakani kuandikisha ambao hawajapata vitambulisho. Boti itaondoka Jumamosi ya pili ya Februari baada ya sala ya alfajiri. Anayejua mzee aliye tayari kutoa ushahidi amlete kwa katibu leo, kabla ya chai. Na kila mmoja achukue nakala ya vifungu vya 2 na 12 pale mlangoni. Tumezipiga chapa kwa herufi kubwa ili wazee wazisome bila miwani.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti