Anayekata tiketi naye aje Entebbe usiku

Mhariri,

Taarifa yenu ya juma lililopita, ile ya abiria wanaorudishwa nyumbani kutoka uwanja wa ndege wa Entebbe kwa kukosa viza ya kupitia nchi ya tatu, imenilazimisha kushika kalamu. Nawasoma tangu nikiwa jeshini na sijawahi kuwaandikia. Lakini yule afisa mliyemhoji, aliyesema wasafiri wajifunze kusoma masharti kabla ya kulipa, amenichefua. Masharti yapi, na yameandikwa wapi? Tiketi ya mpwa wangu ninayo hapa mezani. Ina maneno tele kuhusu betri, vimiminika na uzito wa mizigo. Kuhusu viza ya kupita hakuna hata mstari.

Binti huyu ni mtoto wa marehemu dada yangu. Alipata chuo Canada, akapata na viza ya Canada, halali kabisa, imebandikwa kwenye pasipoti. Wakala mmoja wa Kampala akatukatia tiketi ya Entebbe hadi Ulaya, Ulaya hadi Chicago, Chicago hadi Toronto, huku akitusifia kwamba hakuna njia nafuu kuliko hiyo. Pasipoti aliipiga picha mwenyewe kwa simu yake, kwa hiyo asiniambie hakujua kuwa anayesafiri ni Mganda.

Yaliyotokea kaunta nayasema kama alivyonisimulia binti, maana sisi wasindikizaji tulikuwa nje. Dada wa kampuni ya ndege alipima begi, akalifunga lebo yenye herufi YYZ, yaani Toronto. Kisha akatazama kompyuta, akapekua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, akarudi mwanzo, akapekua tena. Viza ya Marekani iko wapi? Binti akajibu kwamba haendi Marekani, anabadilisha ndege tu. Yule dada hakubishana naye. Alichukua mkasi, akakata lebo, akaliteremsha begi kwenye mzani, akaita anayefuata.

Sasa mhariri, nimeuliza nikajua. Marekani haina mlango wa kupita tu. Ukishuka Chicago, hata kama ndege ya kuunganisha inaondoka muda si mrefu, unapanga foleni ya uhamiaji kama anayekuja kukaa, unachukua begi lako, ndipo unaendelea na safari. Mpango wao wa zamani wa kuruhusu watu wapite bila viza ulisimamishwa Agosti 2003. 2003! Mpwa wangu alikuwa hajazaliwa! Viza yenyewe ya kupita, wanayoiita C-1, ni dola 185, na mahojiano ubalozini Nsambya, na kungoja tarehe ya hayo mahojiano. Kampuni ya ndege ikimbeba asiye nayo inapigwa faini na kumrudisha kwa gharama zake, ndiyo maana yule dada alikuwa mwepesi wa mkasi. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni kwamba jibu alilolipata yeye usiku ule lilikuwapo tangu siku tuliyolipa. Limo kwenye mfumo uitwao Timatic, wa IATA, shirika la kimataifa la kampuni za ndege, na wakala anaweza kuufungua kwenye kompyuta ileile anayokatia tiketi. Unaandika uraia wa abiria, anakopita na anakokwenda, unajibiwa hapohapo. Wakala wetu hakuandika. Kuhesabu pesa alihesabu, tena mara mbili.

Tulipodai turudishiwe tukaambiwa binti ameandikwa kwamba hakutokea. Hakutokea! Mtu ambaye begi lake limepimwa na lebo imekatwa mbele ya macho yake! Wakala anatutuma kwa kampuni, kampuni inatutuma kwa wakala, na SACCO niliyokopa haijui cha wakala wala cha kampuni, inakata tu kwenye pensheni yangu kila mwezi.

Na hili nalo niliseme hata kama mtasema halihusiani. Mmarekani au Mkanada akitaka kuja kuwaona sokwe wa Bwindi anajaza fomu ya viza mtandaoni, analipa dola 50, anapanda ndege. Sawa, aje, watalii tunawahitaji. Lakini wabunge wetu, ambao pasipoti zao hazifanani na zetu, wamewahi kuuliza kwa nini mtoto wa hapa alipe dola 185 ili akanyage sakafu ya uwanja wa ndege kwa saa mbili? Au hilo nalo tulisome kwenye masharti?

Pendekezo langu ni hili. Wakala yeyote atakayekata tiketi inayopitia nchi ya tatu amsindikize mteja wake Entebbe, kwa nauli yake mwenyewe, hata kama ndege inaondoka saa saba usiku, na asiondoke hadi pasipoti igongwe muhuri. Mteja akirudishwa, wakala alibebe begi hadi nyumbani kwa mteja. La kwetu ni la kulifikisha Bombo, lina kilo 23, na gurudumu moja limeng'oka.

Mstaafu wa jeshi,
Bombo