Mama Zawadi, nenda ustawi

Kwako rafiki yangu Mama Zawadi,

Salamu nyingi, na mbusu mtoto kwa niaba yangu. Ujumbe wako wa sauti, kwamba baba Zawadi hatumi matunzo ya mtoto, nimeusikiliza mara mbili. Nilitaka nikujibu vivyo hivyo kwa simu, lakini ningeishia kumtukana mwenzio na wewe usingepata la kushika. Ndiyo maana nimekaa chini niandike.

Unasema utampigia mpaka aone aibu. Mimi baba Neema nilimpigia miezi minane. Aibu niliiona mimi, siku simu ilipopokelewa na mwanamke akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, unadai nini kwani?" Nikakata. Tangu siku hiyo sikupiga tena. Nikaenda ustawi wa jamii, na ndiko ninakokutuma na wewe.

Kila halmashauri ina maafisa ustawi wa jamii, na siku hizi hata baadhi ya kata wanao. Ukitaka kwenda umejipanga, pitia kwanza serikali ya mtaa uchukue barua ya utambulisho. Hapo ndipo mimi nilipokwama. Mzee niliyemkuta alinisikiliza huku anachokonoa meno, kisha akaniambia haya ni mambo ya ndani, nikayamalize na wazee wa pande zote mbili. Nilirudi nyumbani nikakaa wiki mbili nzima. Ningejua ningemjibu kwamba matunzo ya mtoto yameandikwa kwenye Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu. Si fadhila, na haijalishi mlifunga ndoa au hamkufunga. Mtaa ukikuzungusha, nenda moja kwa moja kwa afisa ustawi ukamweleze kwamba umezungushwa. Na mtu akikuomba hela ya soda ili "afungue faili", mwombe risiti. Utaona soda inavyosahaulika.

Beba cheti cha kuzaliwa cha Zawadi na kadi yake ya kliniki. Kama cheti bado, ulizia ofisi ya kata au kituo cha afya; mikoa mingi sasa wanasajili watoto wa chini ya miaka mitano hukohuko, bila malipo. Beba kitambulisho chako. Andika namba zote za baba yake, anapofanyia kazi, na anapolala, maana barua ya wito, ile ya afisa kumwita ofisini, haiwezi kumfikia mtu wa "yuko huko mjini".

Sasa nisikilize vizuri kuhusu daftari, kwa sababu hili sikuambiwa na mtu. Nilinunua kaunta buku nikaanza kuandika kila ninachomnunulia mtoto, tarehe na bei. Si kwa makadirio, kama ilivyotoka mfukoni. Unga, mafuta ya kupaka, ada, nauli ya kwenda hospitali, dawa ya kifua, viatu vilivyopasuka mwezi wa pili. Ukurasa wa pembeni nikaandika alichotuma yeye, hata kile kidogo, na ujumbe wa muamala sikuufuta. Hapo usimdhulumu. Ukificha elfu kumi aliyotuma mwaka jana, ataitoa kwenye simu yake mbele ya afisa, na kuanzia hapo kila utakalosema litaonekana la uongo.

Siku ya wito baba Neema alikuja amechomekea, na maneno tele. Eti mimi nataka hela za kusukia, mimi nimeolewa na mwingine, yeye hana kazi. Afisa, mama mmoja mtulivu, hakubishana naye. Alilisukuma daftari upande wake wa meza akamwambia, "Soma, baba." Akasoma. Nilikuwa naangalia kidole chake kinavyoshuka. Kikasimama kwenye dawa ya kifua, mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Akauliza, bila kuniangalia, "Alilazwa?" Nikasema siku mbili. Hakuongea tena habari ya kusukia.

Sikudanganyi kwamba tulitoka tunacheka. Nilikuwa nimeomba kiasi fulani, yeye akataja robo yake, tukakutana chini ya nusu, ila ada ya shule akabeba yote. Yakaandikwa makubaliano: kiasi, tarehe ya kutuma, namba ya kupokelea. Tukasaini, afisa akagonga muhuri, kila mmoja akaondoka na nakala. Usikubali kuondoka bila nakala. Na usikubali neno "atakuwa anasaidia". Kusaidia ni kila anapojisikia.

Miezi minne alituma. Wa tano kimya. Nikarudi na nakala yangu, afisa akaniandalia barua ya kwenda mahakamani. Kesi hizi zinasikilizwa na Mahakama ya Watoto, na usiogope jina mahakama. Hakuna umati, ni chumba na watu wachache. Hakimu anaangalia kipato cha pande zote mbili, ndiyo, na chako pia, kwa hiyo usifiche mapato ya genge lako. Anaangalia na watoto wengine wanaomtegemea yule baba, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Anaweza pia kumwagiza afisa ustawi afanye uchunguzi aje na taarifa. Mama yangu anapenda kunikumbusha kwamba enzi za sheria ya zamani ukomo wa matunzo ulikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja! Ilikuja kufutwa na hii ya 2009.

Uliniuliza, je, akimkana mtoto? Asikutishe. Kuna kipimo cha vinasaba (DNA) kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ila huwezi kujiendea tu na mtoto mgongoni. Ombi lazima lipitie kwa wanaotambulika, kama mahakama, ustawi au wakili. Kinalipiwa, na si kidogo, kwa hiyo ulizeni mapema nani atalipa. Wa kwangu alikitaja mara moja tu, aliposikia gharama akamkumbuka mwanawe.

Na kile kitisho cha "ukinishtaki namchukua mtoto", wanakitumia wote, nadhani wanafundishana. Kudai matunzo ni ombi moja, mtoto akae na nani ni ombi jingine, na hilo hakimu huliamua kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Ila na wewe usimnyime kumwona Zawadi kwa sababu hajatuma. Najua inauma. Mimi nilimnyima mwezi mzima, na afisa alinigombeza mbele yake.

Mweleze na mama mkubwa wako anayelea wale wajukuu: hata ndugu anayeishi na mtoto anaruhusiwa kuomba matunzo, si lazima awe mzazi. Na kama mambo ya mahakama yatawalemea, kuna wasaidizi wa kisheria wasiotoza hela. Afisa ustawi ataweza kuwaelekeza.

Jumanne nitakuwa nimetoka zamu ya usiku, nitakuwa huru kuanzia saa tatu asubuhi. Nitakuja nikae na Zawadi ili usiende naye kwenye foleni. Wewe anza daftari leo, usisubiri mwezi uanze. Andika hata ile dawa ya minyoo ya juzi.

Wako,
Mama Neema