Risala ya Klabu ya Mdahalo kwa Mheshimiwa Mbunge: Safu Tupu ya Kura

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wa jimbo letu, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule na walimu wetu, wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu:

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Mdahalo, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Risala nyingi zinazosomwa mbele ya mbunge huorodhesha upungufu wa madawati, mabweni na vifaa vya maabara, na mahitaji hayo Mkuu wa Shule ameshakukabidhi kwa maandishi. Sisi tumeomba ruhusa ya kuzungumzia jambo moja tu, nalo ni kazi yako bungeni, hasa kura yako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe si waziri wala naibu waziri, na viti unavyokalia mjini Dodoma ni vile vya nyuma. Wapo watu katika jimbo hili wanaosema kwamba mbunge wa viti vya nyuma hana la kufanya zaidi ya kugonga meza. Klabu yetu haikubaliani nao, na sababu zetu tumezitoa katika Hansard, yaani Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, na katika historia ya Bunge lenyewe. Mwezi Agosti 2007, mbunge wa kipindi cha kwanza kutoka Kigoma Kaskazini, Mheshimiwa Zitto Kabwe, aliwasilisha hoja binafsi akitaka iundwe kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Hoja ilikataliwa, naye akasimamishwa kuhudhuria vikao. Kwa hesabu ya kura alishindwa kabisa. Lakini mwezi Novemba mwaka huohuo Rais Kikwete aliunda kamati ya kupitia mikataba ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, mbunge huyohuyo akawa mmoja wa wajumbe wake, na mwaka 2010 nchi ikapata Sheria mpya ya Madini. Miezi michache baada ya Buzwagi, mbunge mwingine asiye waziri, safari hii wa chama tawala, Dkt. Harrison Mwakyembe wa Kyela, aliongoza Kamati Teule ya watu watano kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Taarifa yake ilisomwa bungeni tarehe 6 Februari 2008, na siku iliyofuata Waziri Mkuu alitangaza kujiuzulu. Mmoja wa upinzani, mwingine wa chama tawala. Wote wawili walikaa viti kama chako.

Kwa sababu hiyo tumeichukulia kazi yako kwa uzito. Kila Jumamosi, baada ya usafi, tunakutana maktaba kusoma Hansard hizo, na tumefungua daftari lenye jina lako. Daftari lina safu nne: maswali ya msingi, maswali ya nyongeza, michango na kura. Safu tatu za kwanza zinajaa vizuri. Tunajua uliuliza nini kuhusu maji, Naibu Waziri alijibu nini, na swali lako la nyongeza lilikuwa lipi. Tulifurahi sana kuona kwamba katika Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima linapokaa kama kamati kupitia makadirio ya wizara, ulishika shilingi ya mshahara wa Waziri kwa ajili ya barabara yetu, na kwamba hukuirudisha mpaka ulipopata maelezo. Wenzetu wa kidato cha kwanza walidhani kuna sarafu inayokamatwa mkononi, na ilitubidi tuwaeleze kwamba hiyo ni hoja ya kupunguza shilingi moja katika mshahara huo, ambayo humpa mbunge mmoja uwezo wa kulisimamisha Bunge zima lisikilize kero ya kijiji kimoja. Tunaamini hakuna chombo kingine kinachompa mbunge wa viti vya nyuma nguvu kama hiyo kwa gharama ndogo namna ile.

Safu ya nne, Mheshimiwa, ni karibu tupu, na hilo si kosa lako. Muswada unapofika mwisho, Spika huwahoji wabunge, wanaoafiki wakasema ndiyo, wasioafiki wakasema siyo, kisha yeye hupima sauti kwa masikio. Hansard huandika: “Hoja ilitolewa iamuliwe. Hoja iliamuliwa na kuafikiwa.” Basi. Hansard hiyohiyo huandika katika mabano kila mahali wabunge walipopiga makofi, lakini haiandiki nani alisema ndiyo na nani alisema siyo katika sheria itakayotuongoza maisha yetu yote.

Kila mwaka ipo kura moja tunayoweza kuiandika bila kukisia, nayo ni ile ya Bajeti ya Serikali mwezi Juni, wabunge wanapoitwa jina kwa jina na kila mmoja kujibu kwa kauli yake. Kura hiyo ni nzito, kwa kuwa Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. Lakini uzito huohuo ndio unaotufanya tusiweze kuisoma vizuri. Mbunge anayesema ndiyo amekubali reli, mishahara, madeni, dawa na kila kodi kwa neno moja. Hatuwezi kujua ni kipi ndani yake alichokipenda na ni kipi alichokivumilia.

Tunaomba kutoa mfano unaotugusa sisi wasichana wa shule hii. Tarehe 1 Julai 2018, taulo za kike zilisamehewa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo ni asilimia 18. Mwaka uliofuata msamaha huo ulifutwa, Serikali ikieleza kwamba bei hazikushuka na kwamba nafuu haikumfikia mtumiaji. Tulikuwa shule ya msingi wakati huo, na wewe hukuwa bado bungeni, kwa hiyo hatuna lawama kwako. Hoja ya Serikali ina uzito wake, kwani ni kweli kwamba msamaha wa kodi unaweza kuishia mfukoni mwa mfanyabiashara. Sisi tunaona kwamba dawa yake ilikuwa kusimamia bei. Klabu ilipotafuta kujua mbunge gani aliunga mkono kuufuta msamaha na nani aliupinga, tulikuta michango ya waliobahatika kupewa nafasi ya kuchangia, ila kura yenyewe ya Muswada wa Sheria ya Fedha, ambao ndio hubeba mabadiliko ya kodi ya kila mwaka, hatukuipata, kwa sababu ilipita kwa sauti. Mwenzetu anayekosa masomo siku kadhaa kila mwezi hana jina la kumpongeza wala la kumuuliza.

Tunafahamu kwamba kura ya wazi ina hatari zake. Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama chake, ubunge wake unakoma; hivyo mbunge anayeandikwa jina kila mara anapopinga msimamo wa chama anaweza kuogopa kuliko yule anayejificha ndani ya kelele za ukumbi. Bunge Maalum la Katiba la mwaka 2014 lilibishana muda mrefu juu ya jambo hilihili, na mwishowe kila mjumbe akaachiwa achague kura ya wazi au ya siri. Tulifanya mdahalo juu ya hoja hii hapa shuleni kwa mikutano miwili, na upande wa siri ulijitetea kwa nguvu. Hata hivyo wengi wetu tulibaki na msimamo kwamba siri ni haki ya mpiga kura anayejisemea mwenyewe, na kwamba mbunge anaposema ndiyo anatusemea sisi.

Tunajua pia kwamba si kila tunachokitaka kimo mikononi mwako. Ibara ya 99 haikupi ruhusa ya kuleta mwenyewe muswada wa kupunguza au kuongeza kodi. Jambo hilo lazima lipendekezwe na Rais kupitia kwa Waziri. Lakini Kanuni za Kudumu, yaani taratibu za kuendesha shughuli za Bunge, hutungwa na Bunge lenyewe, chini ya Ibara ya 89, na hapo mbunge wa viti vya nyuma ana sauti sawa na mwingine yeyote. Ombi letu ni kwamba upendekeze Kanuni zirekebishwe ili miswada inapopitishwa katika hatua ya mwisho, majina ya walioafiki na wasioafiki yaandikwe katika Hansard. Kama pendekezo hilo litakataliwa, tutaliandika katika safu ya michango, na hatutakupunguzia heshima hata kidogo.

Wakati jambo hilo likisubiri, tunaomba utusaidie kwa njia iliyo ndani ya uwezo wako leo. Daftari letu liko mezani mbele yako, limefunguliwa ukurasa wa Muswada wa Sheria ya Fedha uliopita, na kalamu iko juu yake. Tunakuomba uandike kwa mkono wako, katika safu ya nne, ulisema nini siku ile na kwa nini. Majibu hayo tutayabandika maktaba pamoja na swali lako la maji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.