Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa mgeni rasmi, mahafali ya kidato cha sita, Dodoma

Mheshimiwa mgeni rasmi dokta wetu, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni, na poleni na vumbi la huku kwetu.

Dokta, klabu yetu mwaka huu imekomaa na topiki moja tu, zile protini zinazoziamsha fibroblasti, yaani seli za tishu unganishi. Tulianzia kwenye kidonda manake hapo kila mtu anaelewa. Ukijikata, chembe sahani za damu zinamwaga PDGF, mojawapo ya protini hizo, fibroblasti za jirani zinaipata, zinasogea, zinagawanyika, zinatengeneza kolajeni, huku FGF, familia nyingine ya protini hizo, inavuta mishipa mipya ya damu, halafu kazi ikiisha ishara inazimwa. Kwenye kansa haizimwi, ndo maana mwaka 1986 mwanapatholojia Harold Dvorak akasema uvimbe wa kansa ni kidonda kisichopona.

Sasa huku mtaani, na hata darasani, kansa inaongelewa kama seli moja iliyochizika basi. Lakini seli hiyo peke yake haifiki mbali, ni kama mzabibu wa Hombolo bila nguzo na waya. Inachofanya inazigeuza fibroblasti za jirani zifanye kazi yake, nazo zinairudishia vichocheo vingine iendelee kukua. Mwaka 1983 ikaonekana jeni ya kirusi kinacholeta sarkoma, yaani kansa ya tishu unganishi, kwa nyani inafanana mno na ya PDGF, ishara ile ile ya kidonda (hapa darasa zima lilipiga kelele). TGF-beta, protini nyingine tena, ndo kigeugeu kabisa, mwanzoni inazuia seli zisigawanyike, uvimbe ukishakomaa inausaidia kusambaa.

FGF kwa binadamu zipo 22, vipokezi vyake vikuu, yaani protini za kwenye seli zinazopokea ishara hiyo, vinne, na kipokezi cha tatu jeni yake ikiharibika inahusika na baadhi ya kansa za kibofu. Dawa ya kukizuia, erdafitinibu, ilipitishwa Marekani mwaka 2019, ila mgonjwa lazima apimwe jeni kwanza, na kwa maoni yetu kipimo ndo kinatakiwa kuongelewa zaidi kuliko dawa.

Changamoto yetu dokta, haya yote tunayasoma kwenye simu ya mwalimu, fibroblasti yenyewe hatujawahi kuiona. Tunaomba hadubini hata moja, na utuombee siku moja tutembelee maabara ya patholojia Hospitali ya Benjamin Mkapa, basi la shule lipo, mafuta tutachanga.

Tunaomba kuwasilisha.