Barua ya wazi kwa mabinti wanaocheza na kuigiza

Wanangu,

Kipaji mnacho, hilo silibishi. Linalonitia hofu ni kuwasikia mkisema kipaji peke yake kitawafikisha. Ndiyo maana nataka niwasimulie habari za Louise Brooks, mcheza dansi na mwigizaji wa filamu za zamani.

Alizaliwa mwaka 1906 Cherryvale, mji mdogo wa jimbo la Kansas, Marekani. Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, aliondoka nyumbani kujiunga na Denishawn, kundi la dansi la Ruth St. Denis na Ted Shawn. Humo alimkuta Martha Graham, mcheza dansi aliyekuja kuvuma sana, akawa anamtazama kwa makini kila anapocheza. Miaka miwili baadaye Ruth St. Denis akamfukuza mbele ya wenzake. Akaenda kucheza Broadway, kwenye majumba ya maonyesho ya New York, na mwaka 1925 kampuni ya Paramount ikampa mkataba wa filamu.

Filamu zilikuwa hazina sauti, na waigizaji wengi walitoa macho na kurusha mikono ili waeleweke. Yeye hakufanya hivyo. Mtazameni katika Pandora's Box, aliyoigiza Berlin chini ya mwongozaji G. W. Pabst, ikatoka mwaka 1929. Humo yeye ni Lulu. Lulu amegoma kucheza jukwaani mbele ya mchumba wa bwana aliye mpenzi wake. Kajitupa kitandani, anatikisa kichwa, anarusha miguu kama mtoto aliyenyimwa kitu. Mara mlango unafunguliwa, mchumba anamkuta Lulu na bwana huyo wamekumbatiana. Lulu anainuka taratibu na kutabasamu, basi. Wapo wahakiki wa wakati ule waliosema hajui kuigiza! Walikuwa wanasubiri vituko, naye alishamaliza kazi kwa shingo na mabega. Mazoezi yale yanayowachosha kila jioni ndiyo yanayoleta utulivu wa namna ile.

Sasa nije kwenye mkataba. Mwaka 1928 filamu za sauti zilikuwa zinaingia, na Paramount wakatumia kisingizio hicho kumnyima nyongeza aliyoahidiwa. Wenzake wengi walikubali mshahara ule ule. Yeye akaaga, akaenda kwa Pabst. Hapo namuunga mkono kwa moyo wote. Lakini aliporudi, Paramount walimwita aingize sauti katika The Canary Murder Case, filamu aliyokwisha kuigiza, naye akakataa katakata. Wakamchukua Margaret Livingston azungumze badala yake, kisha ukavumishwa uongo kwamba sauti ya Louise haifai kwa filamu za sauti. Uso ukabaki wake, sauti ya mwingine, na watu wakaamini. Ningekuwa karibu naye ningemsihi arudi amalize kazi ile, alipwe, ndipo aondoke. Mwajiri aliyekuudhi usimwachie kazi yako nusu, maana ataimalizia anavyotaka yeye.

Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1938. Alirudi Kansas, akafungua shule ya dansi isiyodumu, halafu akawa muuzaji katika duka la Saks, New York. Kuuza dukani ni kazi ya halali. Kinachoniuma ni kwamba kwa miaka yote hiyo habari zake zilisimuliwa na wengine.

Mwaka 1955 Henri Langlois, mhifadhi wa filamu wa Ufaransa, alitundika picha yake kubwa kwenye maonyesho ya sinema mjini Paris. Mwaka uliofuata James Card, mtunzaji wa filamu, akamshawishi ahamie mji wa Rochester, jimbo la New York, na huko akaanza kutazama filamu zake mwenyewe na kuandika. Kabla ya hapo aliwahi kuandika maisha yake kisha akayatupa motoni. Safari hii hakuchoma. Makala zake zilikusanywa kuwa kitabu mwaka 1982, miaka mitatu kabla ya kufa kwake.

Kwa hiyo nawaomba mawili. Mkataba usomwe na mtu anayejua sheria kabla hamjatia sahihi, na nakala ikae nyumbani kwenu. Na kila mmoja awe na daftari: mlicheza wapi, nani alifundisha hatua zile, mlilipwa kiasi gani. Anzeni na onyesho la wiki iliyopita, wakati bado mnalikumbuka.

Bibi yenu anayewapenda