Barua ya wazi kwa Kamishna wa Misaada na Urejeshaji wa Wakimbizi, Cox's Bazar

Mheshimiwa Kamishna,

Assalaam alaykum. Natanguliza shukrani kwa nchi yako. Mwaka 2017 zaidi ya Warohingya 700,000, jamii ya Waislamu wa Myanmar, walikimbia jeshi la nchi hiyo kutoka jimbo la Rakhine, na Bangladesh, nchi yenye watu wengi na ardhi haba, ikawapokea. Jambo hilo halisahauliki.

Ninakuandikia kuhusu kuwahamishia wakimbizi hao kisiwa cha Bhasan Char, zoezi lililoanza Desemba 2020. Sababu za serikali nazielewa. Kambi ya Kutupalong, huko Cox's Bazar, imefurika, vilima vimebaki vipara, na mvua ikizidi udongo unaporomokea vibanda vya mianzi na turubai. Moto nao hauna pa kuzuiliwa. Ule wa Machi 22, 2021 kwenye kambi ya Balukhali uliua watu wasiopungua 15 na kuwaacha takriban 45,000 bila makao. Walionusurika walisimulia jinsi walivyokwama kwenye senyenge iliyozungushiwa kambi, moto ukiwajia nyuma.

Kwa hiyo msongamano lazima upunguzwe. Ninachopinga ni kumtoa mtu ndani ya senyenge na kumpeleka mahali palipozungukwa na bahari, asikoweza kutoka bila ruhusa.

Nyumba za kisiwani ni imara kuliko turubai, hilo nakubali. Ni za saruji, zimeinuliwa kutoka ardhini, na kuna tuta la kuzuia maji pamoja na majengo ya kujikinga na kimbunga. Lakini Agosti 2021 mashua ya wavuvi iliyobeba makumi ya watu waliokuwa wakitoroka kisiwa hicho ilizama, na miongoni mwa maiti zilizoopolewa walikuwamo watoto. Mzazi hawapakizi wanawe kwenye chombo kama kile kwa sababu ya ubovu wa nyumba. Anatafuta kazi, anatafuta ndugu zake waliobaki Cox's Bazar, anatafuta njia ya kutoka.

Tena hofu yao ina historia. Baada ya ghasia za 2012, Warohingya wa Sittwe, mji mkuu wa Rakhine, waliwekwa kwenye kambi zilizosemekana ni za muda. Zaidi ya 100,000 wameendelea kuishi humo mwaka baada ya mwaka, wakizuiwa kutembea. Hata sisi Kenya tunalijua hili: kambi za Dadaab zilifunguliwa 1991 kwa ajili ya watu wapatao 90,000, na waliozaliwa pale sasa wana watoto wao. Muda wote huo ruhusa ya kufanya kazi na kusafiri iliendelea kuahirishwa, kana kwamba kila mtu angeondoka mwakani.

Ombi langu, Mheshimiwa, liko ndani ya uwezo wa mamlaka yenu. Mnamo Septemba 2020 viongozi 40 wa wakimbizi walipelekwa kukikagua kisiwa. Safari hii kila kaya ipewe nafasi hiyo, wanawake wakiwemo, kabla jina halijaandikwa. Atakayejiandikisha kisha akabadili nia aachwe abaki na kadi yake ya mgao wa chakula. Na kila familia inayopanda meli iwe na hati, kwa lugha wanayoielewa, inayoipa haki ya kurudi Kutupalong ikishindwa maisha ya kisiwani. Hadi hati hizo zitakapotolewa, nakusihi usimamishe safari zinazofuata.

Wako kwa heshima,
Mwananchi wa Kenya